Wimbo Namba Saba na Pampu Moja

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Evaristi wa Nyabiyonza, yule aliyelala usingizi juu ya mizani ya kahawa akapimwa pamoja na gunia. Hiyo mlishasoma. Mlisoma pia jinsi nilivyofukuzwa kazi ya upimaji, na jinsi nilivyopata kibarua cha kubeba mabomba kwenye kambi ya Wajapani pale Ihanda, mwaka 1989, walipokuja kutuchimbia visima.

Wiki iliyopita niliishia mahali pabaya. Visima viwili vilikuwa vimechimbwa, kimoja kwetu, kingine ng'ambo ya bonde, kwa akina Mwalimu Anastazi. Vyote vilitoa maji. Lakini pampu ya mkono ilikuwa moja. Ya pili ilifika kambini imevunjika shingo, na nyingine ingekuja baada ya miaka miwili, Mungu akipenda na meli ikipenda.

Mke wangu Vestina alikuwa ameshaniambia neno lake.

"Baba Joviana, miaka kumi na moja nashuka bondeni na ndoo, napanda na ndoo. Mgongo umekwisha. Pampu ikienda ng'ambo, mimi naenda Songambele kwa mama yangu. Sirudi."

"Pampu nitaileta mimi," nikamjibu. "Kwa mdomo wangu huu."

"Huo huo uliokoroma kwenye mizani?"

Sasa nieleze mdomo wangu uliingiaje humo.

Bwana Tokunaga, mhandisi wa kambi, alikuwa mtu mfupi, mpole, hanywi wala havuti. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Kila saa kumi na moja jioni, kazi ikisimama, anawasha jenereta na kutoa kwenye sanduku la bati mashine ya karaoke. Mashine ile inapiga muziki wote, magitaa, vinanda, mpaka zeze la kwao, ila mwimbaji hayumo. Mwimbaji ni wewe. Unashika maikrofoni, unaimba, na ukimaliza inakupa maksi kwa tarakimu nyekundu. Mwisho ni mia.

Alikuwa na kitabu cha nyimbo. Kwenye jalada la nyuma alikuwa ameandika kwa mkono wake nyimbo kumi zinazowashinda wanaume wanaojiamini.

"Evaristi," aliniambia, "hizi hapa, mwanaume anasimama hivi." Akatunisha kifua. "Anamaliza hivi." Akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Namba saba ilikuwa mbaya kuliko zote. Inaanzia chini kabisa, sauti ya fahali aliyefungiwa zizini. Halafu bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi inaruka juu, na ikifika huko inakaa. Nilihesabu mpaka kumi na nne. Na ukiwa huko juu sauti hairuhusiwi kunyooka. Inatakiwa itetemeke, ikatike kidogo kama ya mtu anayelia, kisha ishuke polepole bila kuanguka.

Bwana Tokunaga mwenyewe alikuwa anapata sitini na mbili. Dereva wake, aliyekuwa akijisifu kwamba kuna bendi ya Mwanza ilimtaka, alipata kumi na tisa. Akasema mashine ni mbovu.

Kazi yangu jioni ilikuwa kubeba spika. Miezi mitano nabeba spika, nasikia namba saba. Siku moja nikaomba kujaribu. Sikujua maana ya neno hata moja. Nilikuwa nimekariri sauti tu, kama nilivyokariri misa ya Kilatini utotoni. Nikafumba macho, nikaimba.

Themanini na nane.

Ndugu zangu, mimi nilikomea darasa la nne. Maisha yangu yote sikuwahi kupata themanini na nane ya kitu chochote. Nilisimama mbele ya mashine ile mpaka tarakimu zikazimika zenyewe.

Basi Jumatatu ile Bwana Tokunaga akaniita pembeni.

"Jumamosi anakuja Mkubwa Hasegawa. Yeye anachagua kisima."

"Anachagua kwa kupima maji?"

"Maji sawa. Watu sawa. Mimi nimepima, nimeandika sawa." Akashusha sauti. "Mkubwa anapenda mtu anayeimba namba saba. Mimi nikiimba, yeye anatoka nje. Hasira. Imba wewe."

"Nikiimba vizuri pampu inakuja kwetu?"

"Sijui. Nikiimba mimi, haiji popote."

Ndipo nikamwuliza jambo ambalo mtu mwenye akili angeuliza miezi mitano kabla. Wimbo unasema nini?

Kiswahili cha Bwana Tokunaga kilikuwa cha mabomba: leta, vuta, kaza, hatari. Alitafuta maneno mpaka jasho likamtoka.

"Bahari," akasema. "Baridi." Akajigusa kifua. "Moyo."

"Basi?"

"Na meli. Meli kubwa."

Nikaelewa yote. Ndivyo nilivyodhani.

Mtu wa kwetu akimwona mwanaume amesimama peke yake mbele ya watu, kifua nje, anatoa sauti ya namna ile, hajiulizi mara mbili. Huko ni kwebuga. Shujaa anasimama mbele ya mkubwa na mkuki wake, anataja sifa zake mwenyewe, mto gani alivuka, mnyama gani aliua, nani hakumwogopa. Sasa bahari, baridi, moyo, meli. Mwanaume amevuka bahari ya baridi kwa meli na moyo wake haukutikisika. Ungekuwa nini kingine?

Nilimpelekea habari Mzee Kahigi, mwenyekiti wetu wa kijiji. Alikubali kabla sijamaliza.

"Kumbe hata Wajapani wanajua kwebuga! Nilijua tu hawa ni watu. Utahitaji mkuki."

"Sina mkuki, mzee."

"Wa marehemu baba yangu upo. Na usije na suruali ya kazi, Evaristi. Vaa kanzu."

Mazoezi nilifanyia kibanjani kwangu, nimelala chali katikati ya migomba, jiwe la kusagia juu ya tumbo. Bwana Tokunaga ndiye aliyenifundisha: "Imba tumbo! Shingo hapana!" Siku ya pili jirani alikuja mbio na kamba, akidhani ng'ombe wangu anazaa.

"Sina ng'ombe," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimekimbia."

Vestina naye akaja, ndoo mkononi.

"Baba Joviana, jiwe langu."

"Nafanya kazi."

"Na mimi nataka kusaga ulezi. Toka chini ya jiwe."

"Mama Joviana, hii unayoiona hapa ni pampu."

"Naona mwanaume amelala chini saa nne ya asubuhi." Akaniondolea jiwe. Halafu, badala ya kwenda zake, akasimama. "Hebu imba tena pale pa juu."

Nikaimba.

"Inatia huzuni," akasema. "Sijui kwa nini. Nimemkumbuka mama siku ile baba alipohama."

"Usihuzunike. Ni wimbo wa vita."

Akajitwisha ndoo, akashuka bondeni. Ningemsikiliza yeye siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Alhamisi nikapata mgeni mwingine, Mwalimu Anastazi juu ya baiskeli yake, kalamu mbili mfukoni. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ng'ambo ile, na ndiye aliyeniandikia mwaka ule wa darasa la nne kwamba shule haina kitu zaidi cha kunipa.

"Evaristi, nasikia unaimba Kijapani."

"Shikamoo, Mwalimu. Nami nasikia unajificha nyuma ya ua wa kambi na daftari."

"Marahaba. Sijifichi, nanukuu. Nimeuandika wimbo wote kwa do-re-mi. Kwaya ya watu ishirini na wanne iko tayari, sauti nne."

"Mashine inataka mtu mmoja."

"Mashine inataka muziki sahihi. Wewe unaimba kwa kukisia."

"Nina themanini na nane kwa kukisia."

Alipanda baiskeli akaondoka, na nilimwona akihesabu kitu kwa vidole huku anaendesha.

Jumamosi saa nne asubuhi vijiji vyote viwili vilijaa uwanja wa shule. Wetu kushoto, wa Mwalimu kulia, katikati jenereta. Pampu yenyewe ilikuwa kwenye lori, mpya, ya kijani, watu wanaichungulia kama bibi harusi.

Mkubwa Hasegawa alikuwa mzee mrefu wa mvi, uso kama mlango uliofungwa. Kando yake alikaa mkalimani, Bi Therese, mwanamke wa Dar es Salaam aliyesoma Japani. Kinyambo, lugha yetu, alikuwa hajui hata salamu.

Kwaya ya Mwalimu ikaanza. Sitasema uongo, waliimba vizuri. Sauti ya kwanza inapanda, ya pili inajibu, besi inanguruma, akina mama wanayumba na vitambaa vyeupe. Lakini ilipofika pale pa juu, watu ishirini na wanne walivuta pumzi kwa wakati mmoja, maikrofoni ikapiga mluzi, mbwa wakakimbia.

Mashine ikafikiri. Ikaandika tisa.

"Tisa!" akapaza sauti Mwalimu, mikono juu. "Tisa kati ya kumi!"

"Kati ya mia, Mwalimu," akasema Bi Therese.

Upande wetu tulicheka kwa adabu, lakini tulicheka.

Zamu yangu ikafika. Nikatoka nimevaa kanzu, mkuki wa marehemu begani. Nilimwona Bwana Tokunaga akiangalia mkuki, akiniangalia mimi, akifunua mdomo kusema neno. Muziki ukawa umeshaanza.

Nikaimba. Fahali zizini, nikaruka juu. Kila muziki ulipopiga peke yake, nilipiga hatua tatu mbele, nikatikisa mkuki mbele ya pua ya Mkubwa Hasegawa, nikawatafsiria watu kwa Kinyambo:

"Mimi ndiye niliyevuka maji yasiyo na ng'ambo!"

"Eee!" watu wakaitikia.

"Baridi iliponiuliza jina, niliitemea mate!"

"Eee!"

"Meli ilipolia kwa woga, niliipiga kofi ikanyamaza!"

"Eee! Ipige na jingine!"

Pale pa mwisho, pa juu, niliweka mkuki ardhini, nikafumba macho, nikaachia. Kumi na nne ikapita. Kumi na tano. Mzee Kahigi akavua kofia. Kumi na saba. Sauti ikatetemeka, ikakatika kidogo, ikashuka polepole, haikuanguka.

Tisini na sita.

Upande wetu uliruka kama umemwagiwa maji ya moto. Mimi nikamtazama Mkubwa Hasegawa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye tai.

Nikawaza, sifa zangu zimemwingia. Ameogopa.

Akamnong'oneza Bi Therese. Bi Therese akaja, akachukua maikrofoni. Maikrofoni ile ilikuwa na mwangwi, kila neno linarudi mara tatu.

"Wananchi, Mkubwa anaomba niwaeleze wimbo huu, maana hajawahi kuuona ukiimbwa namna hii. Ni wimbo wa mwanamke."

Mwanamke, namke, namke, ikasema spika.

"Mwanamke huyu ameachwa na mumewe. Amesimama bandarini kwenye baridi, anatazama meli inayomchukua mume kwenda kwa mwanamke mwingine. Alikuwa amemfumia sweta. Sweta iko mkononi. Hana wa kumvika."

Kumvika, mvika, vika.

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko.

"Evaristi! Sweta yako iko wapi?"

"Dada, weka mkuki chini, shika sindano!"

"Ndiyo maana meli ilimkimbia, anaipiga makofi!"

Mwalimu Anastazi alicheka mpaka akaikalia ngoma ya kwaya, ngozi ikatoboka, akaendelea kucheka akiwa ndani. Nami nilibaki katikati na kanzu yangu. Mzee Kahigi alikuja taratibu, akanyoosha mkono.

"Nirudishie mkuki wa baba."

Mtu mmoja tu hakucheka. Vestina alikuwa mstari wa mbele, kitenge cha njano, ndoo miguuni, ananitazama.

Hapo Mkubwa Hasegawa akasimama. Hakuinua sauti, lakini watu walinyamaza. Akasema sentensi moja moja, Bi Therese akifuata.

"Kwetu, wimbo huu huimbwa na wanaume. Ndiyo maana ni mgumu. Sauti si kitu, sauti inafundishika. Kigumu ni mwanaume kusimama mbele ya watu na kusema nimeachwa. Wengine wote huimba kwa aibu. Huyu ameimba na mkuki."

Akaendelea.

"Nimechimba visima vya watu miaka thelathini. Mke wangu alinisubiri ishirini. Siku moja nilirudi na zawadi, nikakuta mlango una kufuli. Tangu hapo, kila kambi ninayofika, naomba waimbe namba saba. Namtafuta mtu anayeijua. Mtu hawezi kuiimba hivi kama hajaachwa."

Akanijia, akanishika mikono yote miwili.

"Pampu ni ya huyu mwenzangu."

Vigelegele! Mzee Kahigi akanirudishia mkuki. Dereva akapanda lorini, akawasha injini. Mimi nilikuwa natafuta uso wa Vestina nimwonyeshe mdomo wangu ulivyofanya kazi, mara Bi Therese akanigusa bega.

"Anakuuliza. Mkeo alikuacha lini?"

Nikamsogelea sikioni. "Na kama hajaniacha?"

"Basi atajua ulikuwa unamwigiza. Nakuonya, mzee huyu hapendi kuigizwa. Mwaka jana alifunga kambi nzima kwa uongo wa mfuko mmoja wa saruji."

"Lakini..."

"Anasubiri, ndugu."

Tulieni kidogo mnisaidie hesabu hii. Pampu isipokuja, mke wangu ananiacha. Ili pampu ije, mke wangu awe ameshaniacha. Darasa la nne hawakutufundisha hesabu ya namna hiyo, na Mwalimu wangu alikuwa kwenye ngoma.

Nikatazama lori. Nikatazama kijiji kizima kimekodoa macho. Kinywa changu kikajibu kabla yangu.

"Mwaka jana. Wakati wa mvua."

"Pole!" kijiji kikaitikia, kama tulifanya mazoezi.

"Tulilia naye," akaongeza Mzee Kahigi. "Wiki nzima hakula."

Nikathubutu kumtazama Vestina. Alikuwa hajasogea. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayesikiliza bei asiyoiamini.

Mwalimu Anastazi akachomoka kwenye ngoma.

"Uongo! Uongo mtupu! Mkewe yule pale! Yule wa kitenge cha njano!"

Bi Therese akatafsiri. Uso wa Mkubwa Hasegawa ukafunga tena. Dereva akazima injini.

"Yule?" akasema Mzee Kahigi bila kupepesa. "Yule ni dada yake. Amekuja kumpikia tangu alipoachwa."

"Ndiyo, ni dada mtu," wakasema akina mama.

"Tazama hata pua."

Katekista aliyetufundisha mafundisho ya ndoa alikuwa hatua tano kutoka pale. Alianza kukagua viatu vyake. Bwana Tokunaga, ambaye kila wiki alinunua ndizi kwa Vestina na kumwita Mama Evaristi, aliinama akaanza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa.

Mkubwa Hasegawa akamwendea Vestina. Akainama mbele yake mpaka mvi zikaonekana zote.

"Anakushukuru," akasema Bi Therese, "kwa kumtunza kaka yako katika huzuni yake."

Vestina naye akainama kidogo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Dereva akawasha injini. Nikapumua, mara ya kwanza tangu ile kumi na saba.

Ndipo nikaona Mwalimu Anastazi anatabasamu. Mimi nalijua tabasamu lile. Ndilo alilokuwa nalo ubaoni mtoto akiandika jibu lisilofutika.

"Naomba radhi, Mkubwa," akasema kwa upole. "Bi Therese, tafsiri tafadhali. Jua limenichanganya. Sasa naona kweli ni dada yake. Hata pua."

"Asante, Mwalimu," nikasema.

"Na kama ni dada yake, na anampikia kaka yake, basi hana mume. Mimi ni mgane, huu mwaka wa tatu. Kila asubuhi namwona mama huyu akipanda kutoka bondeni na ndoo, na kila asubuhi najiambia, Anastazi, yule ni mke wa mtu. Kumbe nilikuwa natenda dhambi bure." Akawageukia wazee. "Kaka mtu yupo. Mashahidi wapo. Sitaki kungoja mshenga. Namposa hapa hapa."

Kwenye meza ya wazee kulikuwa na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akachukua kimoja, akaweka mrija mpya, akapiga magoti mbele yangu, yeye, Mwalimu wangu, akaniwekea kibuyu mikononi.

Kwetu kibuyu cha posa kina njia mbili. Ukinywa, umetoa. Usiponywa, unasema sababu hadharani, kila mtu akusikie.

Watu wote wa ng'ambo walikuwa wamesimama, wanangoja sababu yangu. Injini ya lori inanguruma.

Bi Therese akamweleza Mkubwa Hasegawa. Kwa mara ya kwanza siku ile mzee yule akacheka, akapiga makofi.

"Anasema hii ni siku njema kuliko zote," Bi Therese akatangaza. "Kisima na posa kwa siku moja. Anasema kunywa, anataka kupiga picha."

Akatoa kamera shingoni.

"Mama Joviana," nikanong'ona. "Mama Joviana, niokoe."

Vestina akaacha ndoo yake, akaja. Watu wakampisha. Akalitazama lori lililoelekezwa kwetu. Akamtazama Mwalimu Anastazi aliyepiga magoti na kalamu zake mbili. Akanitazama mimi, kanzu, mkuki, tisini na sita zangu, muda mrefu kuliko ile ya kumi na saba.

Halafu akachomoa mrija kwenye kibuyu, akaufuta kwa pindo la kitenge chake, akaurudisha, akauelekeza mdomoni kwangu.

"Mbona unasita mbele ya wageni?" akasema, sauti ya kufika mpaka ng'ambo. "Kunywa, kaka."